Nguzo Isiyolowa

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Ilitafutwa kwenye ramani ikakosekana. Mwenye kudai kwamba ameishi humo, amepiga kura humo na amezika wazazi wake humo, basi atakuwa ameota, na ndoto haina shahidi. Tuiite Shwari, kwa kuwa ndivyo ilivyopenda kujiita yenyewe.

Jamhuri ya Shwari ilikuwa na mji mkuu, na pembeni ya mji mkuu kulikuwa na kitongoji kiitwacho Bondeni, na katikati ya Bondeni ulipita Mto Kisebusebu. Wazee waliupa jina hilo kwa tabia yake. Kiangazi ulijifanya hautaki kitu: kijito chembamba kinajikongoja kati ya mifuko ya plastiki, mbuzi anavuka bila kulowa magoti. Masika yakiingia, kiroho papo.

Zamani hata kujaa kwake kulikuwa kwa kistaarabu, maana kule juu, Mlimani, kulikuwa na mianzi na matete na udongo ulioyanywa maji taratibu. Kisha waheshimiwa wakajenga Mlimani. Mianzi ikakatwa kwa kuwa ilificha nyoka, matete yakafukiwa kwa kuwa yalificha mbu, na nyua zote zikasakafiwa ili magari ya serikali yasipate tope. Tangu hapo mvua ikinyesha Mlimani ilikosa pa kukaa. Ilishuka yote kwa mkupuo Bondeni kwa akina yakhe, tena bila kubisha hodi.

Baba Mwasisi wa nchi hiyo alizaliwa Bondeni, na alikuwa mtu wa kukumbuka kwao. Kabla hajafa alisimika nguzo ya zege mtoni, kando ya kivuko, akaipaka rangi tatu kutoka chini kwenda juu: kijani, njano, nyekundu. Palipolowa ndipo maji yalipofika. Ndivyo sheria ilivyosema, wala haikuhitaji msomi wa kuifafanua. Maji yakilowesha nyekundu, redio itangaze, watu wa Bondeni wahame, na Waziri wa Maji pamoja na familia yake wahamie Bondeni, walale huko mpaka nguzo ikauke. Aliiita Sheria ya Kulala. Yaelekea marehemu aliwafahamu mawaziri.

Mawaziri waliofuata waliipenda sana sheria hiyo, wakaogopa isije ikachakaa kwa kutumiwa. Wa kwanza aliipandisha nyekundu juu kidogo. Wa pili akairefusha nguzo, nyekundu ikaenda kukaa na kunguru. Wa tatu aliunda tume, ikapanda ndege kwenda ng'ambo kuangalia mito ya wenzetu, ikaikuta imeganda, ikarudi na hofu kubwa: nguzo ya taifa imesimama mahali penye mafuriko! Mali ya umma ingesombwa wakati wowote. Basi nguzo ikang'olewa mtoni ikapelekwa Mlimani, kwenye ua wa Wizara, ikasimikwa juu ya marumaru, nyekundu ikarudishwa hadi kimo cha mkono kwa kuwa huko haikuwa na hatari tena, ikaezekwa kibanda cha vigae, na askari wawili wakawekwa kuilinda isilowe.

Toka siku hiyo Shwari haikupata mafuriko tena. Palitokea masika ambayo nyumba za Bondeni zilikwenda baharini pamoja na wenyewe, lakini mafuriko hayakuwepo, maana nguzo ilikuwa kavu. Mara moja tu ilisoma njano, siku mtunza bustani aliposahau mpira wa maji ukiwa wazi. Alishitakiwa kwa kosa la kujaribu kufurika, na tangu hapo bustani ya Wizara ina nyasi za plastiki.

*

Aliyekuwa akiyasema haya redioni ni Bi Sikudhani Mtalika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzito ya kubembeleza ambayo haikufanana na mwili wake, na watu waliokutana naye mara ya kwanza walitazama nyuma yake kumtafuta mwenye sauti. Asubuhi, mchana na jioni, baada ya matangazo ya vifo, alisoma: “Hali ya Mto Kisebusebu ni kijani. Wananchi waendelee na ujenzi wa taifa.” Baadhi ya vifo alivyotangulia kuvisoma vilikuwa vya Bondeni, na sababu yake ilikuwa “ghafla.”

Alikuwa amechoka. Uchovu wenyewe haukuwa wa kazi, kwani kazi gani ya kusoma mstari mmoja? Alichoka kwa kulisema neno moja miaka nenda miaka rudi hadi likaoza mdomoni. Akiwa sokoni muuza mchicha akimwambia “mama, hii ya kijani kabisa,” aliurudisha mchicha, akanunua viazi.

Wiki chache kabla ya siku inayohusika alishikwa na mafua makali. Bwana Kilindo, Mkurugenzi wa redio, alikataa kumpumzisha, kwa hoja kwamba sauti yake ni mali ya taifa na mali ya taifa haiumwi. Akasoma vivyo hivyo, pua imeziba, na alipofika kwenye neno lenyewe akapiga chafya katikati yake: “Ki...” chafya, “...jani.” Kanda ikahifadhiwa ghalani kama kanda zote, kwa kumbukumbu ya vizazi.

Mtu mmoja tu katika nchi nzima alishituka. Bi Somoe, mama yake mzazi, aliyeishi Bondeni kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mto, aliisikia chafya ile akaizima redio. Akatwanga tangawizi, akachemsha, akamimina kwenye chupa ya chai, akachukua kikombe chake cha bati chenye mpini uliopinda, akapanda kilima kwa miguu yake hadi getini kwa redio. Akasimama pale mpaka Sikudhani akatoka. “Kunywa yote,” alisema. “Umewatia mafua watu wa nchi nzima.”

*

Masika yaliyofuata hayakuwa na adabu. Mvua ilinyesha Mlimani usiku kucha, na asubuhi, baada ya kusoma kijani chake, Sikudhani alitelemka Bondeni akiwa amekunja gauni. Mto haukuwa tena na kingo. Maji ya rangi ya kahawa yalipita kasi yakibeba milango, mabanda ya kuku, na mti mzima uliosimama wima kana kwamba unasafiri kwa hiari yake. Ndani ya nyumba ya mwisho, mama yake alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu ameikunja, redio mapajani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona uko huku? Mchana nani atasoma mto?”

“Nitasoma mimi, nitawahi. Mama, maji yameshaingia mlangoni.”

“Nimeyaona. Hayajaamkia hata.”

“Inuka twende. Mzee Chilumba hapo jirani atatupa mkokoteni.”

“Redio imesemaje?”

“Mama, redio ni mimi!”

“Ndiyo maana nakuuliza. Asubuhi nimekusikia kwa masikio yangu ukisema kijani. Sasa umekuja kwangu na uso wa nyekundu. Nikuamini wewe, au nikuamini wewe?”

“Niamini mimi niliye mbele yako.”

Bi Somoe alimtazama kwa huruma. “Wewe uliye mbele yangu ni mtoto wangu, na mtoto hukosea. Ulipokuwa mdogo uliniambia mbuzi amekula sahani. Lakini yule wa redioni anasikilizwa na watu wa nchi nzima. Atawadanganya watu wa nchi nzima? Mimi nimekulea hivyo?”

Sikudhani akashika nguzo ya kitanda. Laiti mama yake angekuwa mjinga, angembeba mgongoni na kuondoka naye. Lakini bibi yule alikuwa akimheshimu, na heshima ile ndiyo ingemuua.

Isitoshe, bibi alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa na mihuri. Serikali ya Shwari ilikuwa imeamuru kwamba yeyote atakayehama Bondeni kabla ya redio kusema nyekundu atahesabiwa amekitelekeza kiwanja chake kwa moyo mkunjufu, nacho atapewa mwekezaji. Marehemu mumewe alizikwa nyuma ya nyumba ile, chini ya mpera. Bi Somoe hakuwa tayari kumwachia mwekezaji mume.

“Ukitaka niondoke,” alisema, akipangusa redio kwa ncha ya kanga, “nenda kaseme kule unakosemea. Nitakusikiliza, mwanangu. Sijawahi kukosa hata siku moja.”

*

Siku hiyo, kwa bahati ambayo msimulizi hawezi kuieleza, ilikuwa Siku ya Mto. Kila mwaka siku hiyo Waziri wa Maji alifika studio kuwahutubia wananchi kabla ya taarifa ya mchana. Sikudhani aliingia akiwa na tope hadi magotini, akamkuta Mheshimiwa Mshindo ameshajaa kwenye kiti cha wageni, suti nyeupe, Bwana Kilindo akimpepea na bahasha.

“Ndugu wananchi,” alianza Mheshimiwa, na kinasa sauti kikarudi nyuma chenyewe. “Maji ni uhai. Uhai ni serikali. Kwa hiyo maji ni serikali, na serikali haijawahi kumdhuru mtu. Wapo wachache, wenye upeo mfupi, wanaokaa karibu sana na mto na kudai kwamba umejaa. Nawauliza: umejaa kwa kibali cha nani? Mto hautazamwi kutoka mtoni! Ukiwa ndani ya kitu utakionaje? Mimi nimesimama leo asubuhi mbele ya nguzo ya taifa, nimeigusa kwa mkono huu, mkono umetoka na vumbi. Vumbi, ndugu zangu! Hizi ndizo takwimu.”

Akajipigia makofi kidogo ili wengine wajue pa kuanzia, Bwana Kilindo akaendeleza. Taa nyekundu ikawaka mbele ya Sikudhani. Akasoma vifo. Vilikuwa vingi, vya ghafla. Kisha akafika kwenye mstari wake.

Alichokiona mbele yake ni kitanda, miguu miwili ya kizee iliyokunjwa juu yake, na redio mapajani ikingoja. Mheshimiwa alikuwa akijipangusa jasho na kutabasamu. Sikudhani hakuwa na chuki naye hata chembe. Chuki ina kazi, na yeye alikuwa amechoka mno.

“Hali ya Mto Kisebusebu,” alisema kwa sauti ile ile ya siku zote, “ni nyekundu. Watu wa Bondeni hameni sasa hivi. Msisubiri vyombo. Mama, toka.”

Bwana Kilindo alipapasa mashine kutafuta kitufe cha kuzima matangazo, asikijue kilipo, kwa kuwa tangu aajiriwe hakikuwahi kuhitajika.

“Nyekundu?” aliuliza Mheshimiwa Mshindo. “Kwani bado ipo?” Kisha sheria ikamrudia kichwani, kipande kwa kipande, na uso wake ukabadilika. “Kulala? Mimi nilale wapi? Na Mama Mshindo ana pumu!”

Sikudhani aliinua mkoba wake akatoka. Mlinzi wa getini alikuwa na amri ya kumkamata yeyote atakayevuruga matangazo, lakini nyumba ya mlinzi ilikuwa Bondeni, na wakati huo alikuwa mbali barabarani, akikimbia, kofia mkononi.

*

Watu wa Bondeni walihama vizuri, kwa sababu redio ilikuwa imesema. Walipanda na magodoro, majiko, kuku waliofungwa miguu, na picha ya Baba Mwasisi ndani ya fremu. Mzee Chilumba, fundi makochi na mjumbe wao wa nyumba kumi, aliongoza msafara huku akigeuka kila hatua kutazama karakana yake, ambako aliacha seti nzima ya harusi imekwisha kuvalishwa vitambaa. Kwenye kilima hapakuwa na mahali wazi penye paa isipokuwa kibanda cha nguzo ya taifa, wakaingia humo na uani kote. Askari wawili hawakujua la kufanya. Walikuwa na amri ya kuzuia maji, hawakuwa na amri ya kuzuia watu.

Bi Somoe alifika wa mwisho, ameshikwa mkono na binti yake, kanga zimelowa zikamganda. Aliketi juu ya godoro chini ya nguzo, redio kifuani. “Leo umesoma vizuri,” alisema. “Ila mambo ya ‘mama toka’ si ya redioni. Watu wamenicheka.”

Sikudhani alicheka pia, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na akaona kwamba machozi yanamtoka. Mama yake alikuwa hai na alikuwa akimkaripia. Hakutaka zaidi ya hapo.

Lakini serikali haikulala. Baraza la Mawaziri lilikaa mchana kutwa kwenye ukumbi wenye zulia, likaazimia kwamba nyekundu ile ilikuwa tatizo la kiufundi na dawa ya tatizo la kiufundi ni fundi. Ikatafutwa sauti ya kulikanusha jambo. Ila wananchi wa Shwari hawakuwa na sauti nyingine waliyoiamini kuhusu mto. Bwana Kilindo, ambaye alikuwa akitafuta namna ya kubaki Mkurugenzi, akakumbuka ghala. Akaingia, akachomoa kanda ya kwanza iliyomjia mkononi, hakuisikiliza, akaipeleka mbio.

Jua lilikuwa halijazama redio ilipokohoa, ngoma ya taifa ikapigwa, na sauti nzito ya kubembeleza ikaenea uani kutoka kwenye redio zote kwa pamoja. Hali ya Mto Kisebusebu ni kijani. Wananchi waendelee na ujenzi wa taifa. Kisha sauti ngeni, ya mwanamume, ikaongeza kwamba ambaye hatakuwa kwake kabla ya giza atahesabiwa ametelekeza.

Watu wakaanza kukunja magodoro.

“Jamani, subirini!” Sikudhani alisimama katikati ya njia, mikono ameipanua. “Mimi niko hapa! Hiyo ni kanda! Tazameni mto kule, mnauona!”

Mzee Chilumba alimpita kwa upole, jiko kichwani. “Dada Siku, tunakuheshimu sana. Lakini wewe sasa hivi hujatangaza, umepiga kelele tu. Aliyetangaza ni yule. Tukichelewa viwanja vinakwenda, wewe utatupa viwanja?”

“Yule ni mimi, Mzee Chilumba!”

“Basi kama ni wewe umesema kijani, ubishi wa nini?”

Alimgeukia mama yake. Bi Somoe alikuwa amesimama, godoro limekunjwa nusu, uso hauelekei kokote. Sikudhani hakuwahi kuogopa namna ile. Alijua bibi akishika njia hatamzuia, na kwamba atakuwa amemuua kwa sauti yake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu.

Hapo redio ikarudia tangazo, maana Bwana Kilindo alitaka lieleweke. Safari hii watu walikuwa kimya, na likasikika lote: “...ni ki...” chafya, “...jani.”

“Hebu nyamazeni,” alisema Bi Somoe. Hakuna aliyekuwa akisema. “Huyu ana mafua.”

“Mama mkwe, mvua hii nani hana mafua?” alisema Mzee Chilumba, ambaye alimwita kila mzee wa kike hivyo ili apate kukaribishwa chai.

“Chafya hiyo naijua. Nimempelekea tangawizi mimi mwenyewe, getini, kwa kikombe hiki.” Akakitoa kikombe cha bati kwenye fundo la mizigo akakiinua wakione, mpini umepinda. Kisha akamsogelea binti yake, mtu mzima mwenye mvi, akamshika pua kwa ncha ya kanga kama alivyomshika alipokuwa hajui kutembea. “Penga.”

“Mama...”

“Penga nimesema!”

Sikudhani akapenga, mbele ya watu wa Bondeni, kuku wao, na jeshi la nchi. Bi Somoe akaikagua kanga, akaipitisha kwa Mzee Chilumba naye akaikagua.

“Hamna kitu,” alisema mama. “Huyu amepona, ndiye wa leo. Yule bado anaumwa, ni wa wiki zile. Mimi siwezi kumfuata mgonjwa.” Akalikunjua godoro, akaketi.

Hoja hiyo haikuhitaji tume. Mzee Chilumba alilitua jiko. Mmoja akakaa, na mwingine, na wale waliokwisha kushika njia wakaitwa wakarudi, wakinung'unika kuhusu viwanja. Bi Somoe alizivua kanga zake za juu zilizolowa chapachapa, akatafuta pa kuzitundika, akaona ile nguzo imesimama bure. Akazitupa juu, zikanasa kwenye misumari ya kibanda na kuning'inia kuizunguka nguzo, kuanzia nyekundu kushuka chini.

“Mama, hairuhusiwi,” alisema askari mmoja.

“Wewe unaruhusiwa kuikausha, mimi siruhusiwi kuanika?”

Askari alifikiri, asipate kifungu. Wengine nao wakaanika: suruali, shuka, nepi. Maji yakatiririka kwenye zege taratibu, jioni nzima.

Giza halijashika vizuri waliposikia mlio kutoka juu, nyuma ya nyumba za waheshimiwa, kisha mto ukapita chini yao. Hakuna aliyepiga yowe. Walitazama mabati yakiondoka moja moja, halafu mengi kwa pamoja. Mzee Chilumba aliiona seti yake ya harusi ikielea, kochi la watu watatu mbele, ya mtu mmoja mmoja nyuma, kwa mpangilio alioutaka mwenyewe sebuleni. Alilia bila kujificha. Mpera wa nyuma ya nyumba ya mwisho ulisimama kwa muda, kisha nao haukuonekana.

*

Asubuhi Mheshimiwa Mshindo alifika na ujumbe wake kusoma nguzo, kama kila siku, tayari kwa vumbi. Akaweka mkono, mkono ukatoka na maji. Akaweka juu zaidi, kwenye nyekundu, huko ndiko kulikolowa kabisa. Mwanasheria wa Wizara akaisoma sheria, akaisoma tena akiwa amevua miwani, lakini Baba Mwasisi aliiandika kwa lugha nyepesi mno isiyopindika. Palipolowa ndipo maji yalipofika.

Hivyo ikatangazwa rasmi kwamba kulikuwa na mafuriko Mlimani, ambayo kwa juhudi za serikali hayakufika Bondeni. Nyekundu ilikuwa nyekundu, waliohama walihama kihalali, na viwanja vyao vikabaki vyao, chini ya tope. Likabaki suala dogo la kulala.

Suala hilo lilitatuliwa kabla ya chai ya saa nne. Mheshimiwa Mshindo, kwa uchapakazi wake, alihamishiwa wizara mpya ya Nchi Kavu. Na Bi Sikudhani Mtalika, kwa kutambua mchango wake katika sekta ya mito, akateuliwa Waziri wa Maji. Aliapishwa akiwa amesimama kwenye tope, akakabidhiwa bendera ndogo ya gari bila gari, na akasindikizwa Bondeni yeye na familia yake, yaani mama yake, walale huko mpaka nguzo ikauke. Nguzo nayo, baada ya mambo yale, hakuna aliyethubutu kuigusa hata kwa kitambaa, na masika yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Mzee Chilumba aliwasimikia banda la mabati yaliyookotwa, mahali palipokuwa na mpera. Bi Somoe alipatambua kwa kisiki. Jioni ya kwanza waziri na mama yake walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, bendera imechomekwa mlangoni, mto ukipita karibu, umeshiba, haumtazami mtu. Redio ilikuwa kwenye tofali. Baada ya vifo, ngoma ikapigwa, na sauti ile ikaja: hali ya Mto Kisebusebu ni ki, chafya, jani. Bwana Kilindo alikuwa amegundua kwamba kanda haichoki wala haina mama.

Sikudhani alinyoosha mkono kuzima.

“Mwache,” alisema Bi Somoe.

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. “Wanamfanyisha kazi katika hali hiyo,” alisema. “Asubuhi, mchana, jioni. Hata ruhusa ya kwenda kwa mama yake hawampi.”

Kisha akainuka kwa kushika goti, akapuliza moto, akatwanga tangawizi aliyoipandisha kilimani na kuiteremsha tena ndani ya fundo la kanga. Akamimina vikombe vitatu. Kimoja akampa binti yake, kimoja akashika mwenyewe, na kile cha bati chenye mpini uliopinda akakiweka juu ya tofali, mbele ya redio, akakifunika kwa kisosi kisipoe.